Kocha Apimwe kwa Mizani Gani?

Jioni inapoingia Kapsokwony, baridi ya Mlima Elgon huwasukuma watu ndani ya vibanda vya chai, na humo mazungumzo hayaendi mbali na mambo matatu: siasa, bei ya vitunguu na kandanda. Wiki iliyopita kandanda ndiyo iliyoshinda. Niliwakuta wafuasi wa AFC Leopards wapatao kumi, wengi wao walimu waliotoka kusahihisha mitihani, wakibishana kama kocha wa timu yao amefaulu vya kutosha au apewe barua yake aende zake. Jina la kocha huyo silitaji, kwa sababu halikuwa na uzito wowote katika ubishi ule. Ungeliondoa na kutia la yeyote kati ya watangulizi wake, hakuna hoja hata moja ambayo ingehitaji kubadilishwa.

Upande mmoja uliongozwa na mwalimu kijana wa hisabati. Hoja yake ilikuwa fupi. "Mzee wangu, kombe la ligi liko wapi? Mara ya mwisho ni 1998. Wanafunzi ninaowafundisha hawakuwa wamezaliwa." Upande wa pili ulikuwa na mwalimu mstaafu, mtu aliyeishuhudia Leopards ikitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Ungedhani yeye ndiye angekuwa mkali zaidi. La hasha. Mzee alisema, "Mwalimu, wewe unauliza kombe liko wapi. Mimi nauliza huyo kocha alikabidhiwa nini."

Maswali hayo mawili yanastahili kujadiliwa kwa makini kuliko yanavyojadiliwa kwa kawaida, na si kwa ajili ya kandanda peke yake. Kila Januari, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, maswali hayo hayo huulizwa kwenye malango ya shule zetu, kutoka Cheptais hadi Kitale, wakati mwingine na wazazi walioshika matawi mikononi wakimtaka mwalimu mkuu afungashe virago. Watanzania wana desturi ya kumwita kocha wa timu "mwalimu". Huenda wanaona mbali kutuzidi.

Nianze na kijana, maana ana haki yake. Shabiki wa Leopards hadai nyota za mbinguni. Klabu hii iliyoundwa mwaka 1964 imetwaa ubingwa wa Kenya zaidi ya mara 10, na mtu aliyezoea kula pilau hawezi kuambiwa ashukuru kwa kupewa ukoko. Isitoshe, shabiki hulipa. Hutoka Bungoma kwa matatu ya alfajiri kwenda Nairobi, hununua tiketi, hurudi usiku wa manane, na siku ya pili yuko darasani na chaki mkononi. Mtu wa namna hiyo akiuliza matokeo, asiitwe mjinga wala mwenye pupa. Kandanda, tofauti na kazi nyingi za umma, ina fadhila moja kubwa: matokeo yake hubandikwa ubaoni dakika ya 90 na kila mtu huyasoma. Heri yetu kama ofisi zote za nchi hii zingekuwa na ubao kama huo.

Hata hivyo, ubao husema nani ameshinda. Hausemi kwa nini. Tazama kilichotokea katika klabu hiyo hiyo. Oktoba 2017, chini ya Robert Matano, Leopards ilitwaa kombe la ngao kwa kuifunga Kariobangi Sharks mabao 2-0. Mtu angetarajia kocha huyo apewe uwanja apande alichoanza kulima. Mwaka uliofuata Matano alikuwa Tusker. Kati ya mwanzo wa 2018 na mwanzo wa 2019 klabu ilipitia mikononi mwa Rodolfo Zapata wa Argentina, Nikola Kavazović na Marko Vasiljević wa Serbia, kisha Casa Mbungo wa Rwanda. Kila mmoja alikuja na mtindo wake na wachezaji aliowataka, na kila mmoja aliacha wachezaji ambao mrithi wake hakuwataka. Huko Tusker, Matano alipewa muda, akatwaa ubingwa wa ligi katika misimu ya 2020/21 na 2021/22. Huyu hakuwa mgeni wa mafanikio; alikuwa ameshafanya hivyo na Sofapaka mwaka 2009, tena na Tusker mwaka 2012. Je, maarifa yake yalikuwa yamepungua alipokuwa Leopards na kuongezeka alipovuka barabara? Au ni shamba lililokuwa tofauti?

Nasema shamba kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jambo. Agosti 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa mdhamini wa Leopards na Gor Mahia, iliondoa udhamini wake baada ya mzozo na serikali kuhusu leseni. Mishahara ikakwama. Makocha na wachezaji walioondoka bila kulipwa walipeleka madai yao FIFA, na kufikia 2021 klabu ilikuwa imepigwa marufuku kusajili wachezaji wapya. Kocha aliyekuwepo wakati huo, Mbelgiji Patrick Aussems, akalazimika kutegemea vijana ambao wengine walikuwa wametoka juzi tu katika timu za shule. Julai mwaka huo aliifikisha timu hiyo fainali ya kombe la shirikisho dhidi ya Gor Mahia, ikashindwa kwa mikwaju ya penalti. Ukiuliza swali la kijana wetu wa hisabati, jibu ni sifuri: hakuna kombe. Ukiuliza swali la mzee, jibu ni refu zaidi, na si sifuri.

Aussems mwenyewe ni mfano wa kufaa katika mjadala huu kwa sababu nyingine. Kabla ya kuja Kenya alikuwa Simba ya Dar es Salaam. Msimu wa 2018/19 alitwaa nao ubingwa wa Tanzania Bara na kuwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako walitolewa na TP Mazembe. Huko fedha zilikuwepo, wachezaji walikuwepo na makombe yalikuwepo. Msimu uliofuata Simba ikaondolewa mapema barani na UD Songo ya Msumbiji, na ilipofika Novemba 2019 Aussems akafutwa kazi. Basi mtu yule yule alionekana hatoshi mahali penye kila kitu, na mashabiki wengine wakamwona hatoshi mahali pasipo na kitu. Nani basi anatosha?

Hapo kibandani palikuwa na kijana mwingine aliyedakia mfano wa Alex Ferguson. Lazima awepo mmoja. Tangu Novemba 1986 alipofika Manchester United hadi 1990 Ferguson hakupata kombe lolote, na ubingwa wa ligi aliungoja hadi 1993. Kwa hiyo, tunaambiwa, kila kocha avumiliwe. Mimi mfano huu nimeuchoka. Tunamkumbuka Ferguson kwa sababu alifaulu. Wale waliovumiliwa miaka mingi wakaiharibu timu hakuna anayewakumbuka, na wao ni wengi zaidi. Subira peke yake haimfanyi kocha mbaya kuwa mzuri, kama ambavyo mwanafunzi asiyesoma hafaidiki kwa kurudishwa darasa lile lile mara tatu. Wazee wetu waliosema subira huvuta heri hawakusema kila anayesubiri anangoja kitu cha maana.

Ndiyo maana mizani ya mzee nayo ina hatari yake. Swali la "alikabidhiwa nini" likizoeleka sana huwa kichaka cha kila mzembe. Chukua timu ya taifa. Engin Fırat aliinoa Harambee Stars tangu Septemba 2021 hadi alipojiuzulu Desemba 2024, na kwa muda huo wote Kenya haikufuzu fainali za Afrika. Watetezi wake walikuwa na la kusema, na lilikuwa kweli: FIFA iliifungia Kenya tangu Februari hadi Novemba 2022, ikatolewa katika mchujo wa fainali za Afrika, halafu viwanja vyetu havikukubaliwa, tukawa tunacheza mechi za "nyumbani" ugenini, ikiwemo ile ya sare tasa na Ivory Coast huko Malawi Juni 2024. Kweli tupu. Lakini mtu mwenye haki angeuliza pia kama wachezaji aliokuwa nao walicheza vizuri zaidi mwishoni mwa muda wake kuliko mwanzoni. Hilo halihitaji uwanja wa Kasarani; linahitaji macho. Nani alikuwa dhaifu akaimarika? Nani alikuwa hajulikani akajulikana? Timu ilipofungwa bao la kwanza, ilikuwa na njia ya kurudi mchezoni au iliukimbilia mpira kama kuku waliomwagiwa mahindi?

Kupanda na kushuka kwa maoni yetu kuhusu timu hiyo ya taifa kunachekesha, kama si kuhuzunisha. Desemba 2013 Adel Amrouche alitwaa Kombe la CECAFA mjini Nairobi kwa kuilaza Sudan 2-0, akabebwa juu. Agosti 2014 alifutwa baada ya kutolewa na Lesotho katika mchujo wa fainali za Afrika. Miezi minane! Na Agosti 2025 Benni McCarthy, aliyekuwa amepewa timu Machi mwaka huo, aliongoza wachezaji wa ligi ya nyumbani katika michuano ya CHAN. Waliifunga DR Congo 1-0, wakatoka sare 1-1 na Angola, wakaifunga Morocco 1-0 na Zambia 1-0, wakaongoza kundi. Robo fainali wakatolewa na Madagascar kwa penalti. Morocco hiyo hiyo tuliyoifunga ndiyo iliyotwaa kombe, na Madagascar iliyotutoa ndiyo iliyofika fainali nayo. Je, huo ni ufanisi au si ufanisi? Nilisikia watu wazima wakikosana kwa swali hilo. Kisha tarehe 5 Septemba Gambia ikaja Kasarani na kutufunga 3-1 katika mchujo wa Kombe la Dunia, na wale waliokuwa wakisema "huyu tusimwachie aondoke" wakaanza kuuliza nauli ya kumrudisha kwao ni kiasi gani.

Sina nia ya kuwadhihaki. Nami nilikuwa mmoja wao, na jioni ile ya Gambia nilisema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya wanafunzi. Nataka tu tuone kwamba hasira ya siku moja ni mizani mbovu, na furaha ya siku moja ni mbovu vile vile.

Turudi nyumbani. Kaunti yetu ilikuwa na timu katika Ligi Kuu, Nzoia Sugar, ikichezea uwanja wa Sudi, Bungoma. Mwisho wa msimu wa 2023/24 ilishuka daraja. Msimu huo wote nilisikia kocha akilaumiwa: hajui kupanga safu ya ulinzi, hajui kubadilisha wachezaji. Huenda ni kweli. Lakini timu ile ilikuwa mtoto wa kiwanda cha sukari kilicholemewa na madeni kwa miaka mingi, kiwanda ambacho wakulima wa miwa walikuwa wakikidai malipo yao. Mama akiwa hana chakula, tunamuuliza mtoto kwa nini hanenepi? Wala sikumbuki siku hata moja ambapo mashabiki waliandamana kwenda kwa wale wanaotengeneza bajeti. Kocha yuko karibu. Anasimama pembeni mwa uwanja, anaonekana, anazomewa kwa urahisi. Wenye kutia sahihi hundi hukaa jukwaani kivulini, na mara nyingi ndio wa kwanza kutangaza kwamba kocha hakufikia malengo. Malengo yapi? Yaliandikwa wapi? Shabiki hajawahi kuyaona.

Na hapa naomba walimu wenzangu wanisikilize, maana hadithi hii tunaijua kwa majina mengine. Tuseme kuna shule ya kutwa huku milimani inayopokea watoto ambao shule kubwa zimewakataa, watoto wanaotembea kilomita saba matopeni kila asubuhi. Tuseme wastani wa shule hiyo katika mtihani wa kidato cha nne ulikuwa pointi 2.8 kati ya 12, na baada ya miaka minne ya mwalimu mkuu mpya umefika 4.3. Shule ya kitaifa, iliyochagua vichwa bora nchini, imeteremka kutoka 10.1 hadi 9.6. Siku ya matokeo magazeti yatampiga picha nani? Na wazazi wa shule ile ya kutwa watasema nini? Nimewahi kuishuhudia shule moja, ambayo siitaji, ikimfukuza mkuu wa namna hiyo kwa sababu hakuna hata mtoto mmoja aliyepata A. Aliyemrithi alianza kwa kukataa kuwapokea wanafunzi dhaifu. Wastani ukapanda haraka sana, na kila mtu akamsifu kwa "mabadiliko".

Kocha naye anaweza kufanya hivyo. Kocha anayejua kwamba ana mechi tano za kuokoa kazi yake hatampa nafasi kijana wa miaka 18 aliyetoka shule ya St. Anthony's Kitale, hata kama kijana huyo ana kipawa cha kutisha. Atamchukua mkongwe wa miaka 33 anayejua kupoteza muda. Ukimpima mtu kwa kipimo kifupi, atakupa kazi fupi. Wanafunzi wanaosoma safu hii na wenye ndoto za kucheza Ligi Kuu wajue kwamba ubishi wa mashabiki kuhusu kocha unawahusu wao moja kwa moja: wao ndio wanaoachwa benchini.

Nikiwa bado nasikiliza, mzee alitoa mfano ambao sikuutarajia, maana haukuwa wa kandanda. Alimtaja Ben Jipcho, mwana wa mlima huu. Katika fainali ya mita 1500 kwenye Olimpiki za Mexico mwaka 1968, Jipcho alitoka kama mshale na kuukimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, mwendo ambao hakuna aliyeutarajia katika hewa nyepesi ya mji ule. Kazi yake ilikuwa kuiondoa nguvu ya kumalizia ya Mmarekani Jim Ryun. Kipchoge Keino alifuata mwendo huo, akaushika uongozi na kushinda kwa mbali. Jipcho mwenyewe alimaliza wa 10. "Mwalimu," mzee akamwambia yule kijana, "kwenye daftari lako la alama huyo ungempa ngapi?"

Kijana hakushindwa jibu, na nampa heshima kwa hilo. Alisema angempa kidogo kwa mwaka ule, lakini angemngoja: Jipcho alirudi akapata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji Munich mwaka 1972, akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo mwaka 1973, na mwaka 1974 akanyakua dhahabu mbili huko Christchurch katika michezo ya Jumuiya ya Madola. "Aliyekimbia kwa ajili ya mwingine siku moja," akasema, "siku nyingine akakimbia kwa ajili yake. Mimi natafuta hiyo siku ya pili. Leopards nimeingoja tangu nizaliwe." Kibanda kizima kikacheka, hata mzee.

Maoni yangu ni kwamba wote wawili wana sehemu ya haki, ila kuna swali la tatu ambalo hakuna aliyeliuliza: ni nani aliyempa kocha kazi, na walipatana nini? Klabu ya wanachama kama Leopards ina mkutano wa kila mwaka. Mashabiki wanaojaza uwanja wajaze na mkutano huo. Waulize, kabla kocha hajatua uwanja wa ndege, anatakiwa kumaliza nafasi ya ngapi mwaka wa kwanza na mwaka wa pili; mishahara yake na ya wachezaji itatoka wapi; ni vijana wangapi wa timu ndogo wanaotarajiwa kupanda. Majibu yaandikwe, yasomwe hadharani. Msimu ukiisha, atakayekuwa amekosa kutimiza sehemu yake aitwe kwa jina, awe amevaa suti ya kocha au ya mwenyekiti. Kocha aliyelipwa miezi kumi na mbili, akapewa wachezaji aliowaomba, akamaliza wa tisa, aende, sitamlilia. Aliyelipwa miezi minne, akapigwa marufuku kusajili, akamaliza wa tano, mimi binafsi ningemwomba abaki, na ningewatafuta waliokula ile miezi minane.

Saa tatu ya usiku mwenye kibanda alianza kukusanya vikombe. Mwalimu wa hisabati alikuwa amegeuza karatasi ya mtihani na kuchora jedwali nyuma yake: mishahara, wachezaji walioingia, wachezaji waliotoka, majeruhi, pointi. Mzee alivaa miwani yake na kuinama juu ya jedwali lile. Walianza na mstari wa mishahara, wakagundua kwamba hakuna hata mmoja kati ya watu kumi mle ndani, wote mashabiki wa damu, aliyejua kocha wao amelipwa miezi mingapi.